Aliyekung'uta Kitambaa

Saa moja asubuhi, Yeter Kayhan anavua viatu mlangoni pa chumba namba saba na kuingia na soksi tu. Hawashi taa.

Ni chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, kuta zake zina rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Kitanda kikubwa kipo, lakini hakina godoro wala shuka, ni mbao tupu. Mbele ya kitanda, sakafuni, kimetandazwa kitambaa cheusi cha pamba chenye upana wa meza ya watu wanne. Yeter anapiga magoti kando yake, analaza tochi sakafuni ili mwanga upite chinichini, kisha anainama mpaka pua inakaribia kukigusa.

"Unga," anasema baada ya kitambo. Anapitisha kidole na kukisugua kwa dole gumba. Halafu anaacha kusugua. "Unga, na chenga nne."

Chenga hizo ni punje za jiwe, ndogo kama za mchele uliovunjika. Anaziokota moja moja, anazitia ndani ya kiberiti kitupu na kuandika tarehe juu yake kwa kalamu. Ni Jumanne, wiki ya mwisho ya Machi. Nje theluji ya kijiji cha Taşlıöz inayeyuka na maji yanachuruzika kwenye kila mfereji.

"Jumamosi chumba hiki kinapokea maharusi," anasema huku akivaa viatu. "Mimi sitawatandikia."

Yeter ana umri wa miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mtandika vitanda wa hoteli hii ya mapangoni yenye vyumba kumi na kimoja. Jumamosi, ama atatandika kitanda cha chumba namba saba, ama atarudisha aproni yake. Ameambiwa hivyo waziwazi na mwenye hoteli, naye ameelewa.

Mwamba wa huku ni laini, na kila usiku hudondosha vumbi. Ndiyo maana Yeter huanza kazi kwa kupangusa mito kwa brashi ya manyoya ya mbuzi kabla wageni hawajarudi kutoka kifungua kinywa. Wageni wengi huondoka bila kujua kwamba waliamka na vumbi kwenye nyusi.

"Wanapapasa ukuta, wanasema ni baridi, ni laini, wanapiga picha," anasema. "Sawa, wapige. Lakini mwamba haujulikani kwa kupapaswa. Unajulikana kwa unachodondosha."

Zamani, watu walipokuwa bado wanaishi mapangoni, kila nyumba ilikuwa na kitambaa cheusi. Kilitandazwa jioni kwenye kila chumba cha kulala, na asubuhi mama wa nyumba alikisoma kabla ufagio haujaguswa. Kikiwa na unga, watu waliendelea kulala humo. Kikiwa na chenga, walihama chumba mpaka mwamba utulie. Vikionekana vipande vya ukubwa wa dengu, hawakusubiri hata kuchukua blanketi.

"Kwetu mtoto alifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu," anasema Yeter. "Hukugusa ufagio kabla mama hajaangalia. Ungeugusa, ungekiona cha moto."

Kitambaa anachotumia leo alikishona mwenyewe. Cha mama yake hakipo.

Jina lake maana yake ni "inatosha". Alikuwa binti wa tano, na baba yake, aliyekuwa akimwomba Mungu mtoto wa kiume, aliona ni vizuri kuliweka ombi hilo wazi tangu kwenye jina.

"Baada yangu wakazaliwa wengine wawili, wasichana wote," anasema, na hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Labda jina langu halikusikika vizuri kule juu."

Hoteli yenyewe ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Ukumbi wa tanuri, ambamo mama yake alioka mikate, sasa ni mapokezi. Tanuri limefunikwa kwa kioo kinene na wageni hupita juu yake na masanduku ya magurudumu. Chumba namba saba, chumba cha fungate, kilikuwa zizi.

"Punda wetu alilala humo bure," anasema Yeter. "Sasa usiku mmoja ni lira elfu kumi na sita. Yule punda angejua, angetudharau sana."

Yeye analipwa lira elfu ishirini na nne kwa mwezi. Mumewe, Kadir, alibeba makasha ya malimau kwenye maghala ya mapangoni kwa miaka thelathini, mpaka mgongo ukakataa. Sasa hukaa dirishani na kuwasalimia wapitanjia. Nyumba inategemea mikono ya Yeter.

Kati ya mapokezi na chumba namba saba kuna baraza lisilo na paa, ambako wageni hula kifungua kinywa: jibini ya mtungini, mayai, asali ya zabibu, mikate ya moto. Kuta zake tatu ni mwamba, na juu ni anga. Asubuhi hiyo ya Jumanne, mgeni mmoja alisifu ubunifu wa fundi aliyeliacha wazi namna ile.

"Lilikuwa na paa," alijibu Yeter, akammiminia chai.

Hakuongeza neno.

Aliyeongeza neno ni Gülizar, mpishi wa hoteli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita kuku, aliyekua na Yeter na ambaye humwita "daktari wa vumbi". Alisubiri mwenzake aende kuanika mashuka, akafunga mlango wa jiko.

"Usimuulize habari za baraza," alimwambia mwandishi wa makala haya. "Baraza hilo ndilo lililokuwa chumba walicholala watoto. Paa lilimwangukia dada yake, Döne. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Yeter minane. Siku hiyo walikuja wanawake kumposa dada yao mkubwa. Mama yao, Zöhre, aliona chenga kwenye kitambaa asubuhi, lakini akaona haya kuwaambia wageni warudi. Akanyamaza. Mwenyewe alikiri mbele ya watu."

Alifunua sufuria, akaonja maharage, akafunika.

"Tangu hapo kijijini kuna msemo. Mtu akiliona jambo baya linakuja na akalifumbia macho, tunasema amefanya Zöhre. Mume kanusa moshi na hakutazama sufuria? Kafanya Zöhre. Watoto wa siku hizi wanalitamka hivyohivyo, hata hawajui lilikuwa jina la mtu. Mimi mbele ya Yeter nauma ulimi. Wengine hawaumi."

Zöhre alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Hata kwenye msiba wake, anasema Gülizar, kuna mwanamke alichelewa kuzima jiko na mwingine akamtania kwa neno hilo, kisha wote wakainamisha vichwa.

Mgogoro wa chumba namba saba ulianza Oktoba. Kwa siku tisa mfululizo, Yeter alikuta chenga kwenye mito. Siku ya kumi hakutandika. Alikunja mashuka manne vizuri, akayabeba mpaka mapokezi na kuyaweka mezani, mbele ya wageni waliokuwa wakilipa.

"Sitandiki chumba ambacho mwamba umeamka," alisema. "Tafuta mwingine. Lakini huyo mwingine naye nitamwambia."

Nevzat, mwenye hoteli, ana miaka thelathini na tisa na ni mtoto wa binamu yake. Si mtu mbaya. Siku hiyo alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu, lakini alikifunga chumba. Akamleta mtaalamu kutoka mjini, aliyegongagonga kwa nyundo ndogo, akapiga picha na kuacha karatasi inayosema kwamba hakuna ufa unaoonekana.

"Mtaalamu ana shahada, Dada Yeter. Wewe una kitambaa," Nevzat alimwambia wakati huo.

"Mtaalamu analala mjini," alijibu Yeter.

Yeter anadhani chanzo ni hodhi kubwa la kuogea lililowekwa chumba namba tisa, juu ya saba, miaka miwili iliyopita. Anaamini maji yanapenya. Nevzat anasema mabomba yamekaguliwa mara mbili.

Walikubaliana hivi: chumba kifungwe majira yote ya baridi, wakati wageni wenyewe ni wachache, na Yeter atandaze kitambaa chake kila siku. Machi ikiisha salama, chumba kifunguliwe, na yeye mwenyewe atandike kitanda cha kwanza. Akikataa, basi.

Desemba ilikuwa unga. Januari na Februari, unga. Wafanyakazi wakaanza kumtania. Mtunza bustani alikuwa akimuuliza kila asubuhi mwamba umeamkaje, na kama umekunywa chai. Yeter hakujitetea. Alijua kwamba baridi kali hukamata mwamba na kuushikilia, na kwamba shida huja barafu inapoachia.

Mwaka ule wa Döne pia ilikuwa Machi.

Jumatano, siku moja baada ya zile chenga nne, alikuta kumi na saba. Alimpelekea Nevzat kiberiti, na Nevzat, aliyekuwa kwenye simu na wakala wa maharusi, alikitikisa sikioni kama mtu anayetafuta njiti, akakirudisha.

"Kesho nitakuja mwenyewe nione," alisema alipokata simu. "Tumalize jambo hili, dada. Nimechoka, na wewe umechoka. Ukiona kweli ni shwari, utatandika?"

"Nikiona ni shwari nitatandika na maua nitaweka," alisema Yeter.

Alhamisi saa moja asubuhi walikuwepo wote: Nevzat mikono mfukoni, Gülizar mlangoni na sinia la chai, mwandishi wa makala haya nyuma yao. Yeter alivua viatu, akaingia, akapiga magoti, akalaza tochi.

Kitambaa kilikuwa kisafi, cheusi ti, hakuna hata punje.

"Haya!" Nevzat alipiga kofi moja. "Hata unga hakuna. Dada Yeter, mwamba wako umenyamaza wenyewe. Gülizar, lete chai tunywe, mwanamke huyu ametuweka roho juu miezi sita."

Yeter hakuinuka. Aligusa kona moja ya kitambaa, kisha ya pili.

"Nani amekikung'uta?" aliuliza.

"Akikung'ute nani, jamani? Usianze tena, dada. Umeona kwa macho yako."

"Nevzat, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya mtu mwingine. "Mimi nimezaliwa ndani ya mwamba huu. Hata ile wiki ya Januari mabomba yalipoganda, unga ulikuwepo. Mwamba haujawahi kuniachia kitambaa kisafi. Kikiwa kisafi, kuna mkono wa mtu. Nimeuliza, nani?"

Vikombe vilianza kugongana juu ya sinia.

"Mimi," alisema Gülizar.

Nevzat aligeuka kumtazama.

"Nilipita saa kumi na mbili na nusu, naenda kuwasha jiko. Nikachungulia. Zilikuwa nyingi, Yeter. Nikasema, leo akiziona atakataa, na huyu naye ameshatoa neno, atamfukuza. Miaka kumi na tisa! Na Kadir na mgongo ule. Nikakikung'uta, nikakirudisha, nikakinyoosha vizuri ili usijue." Sasa alikuwa analia. "Nilitaka utandike tu ubaki na kazi yako. Nitukane, basi. Sema kitu."

"Umezitupa wapi?"

"Kwenye ndoo ya majivu."

Yeter alipita katikati yao bila viatu mpaka jikoni. Aliivuta ndoo, akachukua chekeche ya ngano ukutani, akachekecha majivu taratibu, mkono wake ukiwa mtulivu kuliko wa mtu yeyote mle ndani. Aliporudi alikuwa amefumba kiganja. Alikifumbua mbele ya Nevzat. Kulikuwa na chenga za kujaa kijiko, na juu yake vipande vitatu vya duara, vyeupe, vya ukubwa wa dengu.

"Tokeni nje," alisema.

Walitoka. Nevzat ndiye aliyefunga mlango, na aliufunga polepole sana.

Ilikuwa barazani, penye meza ambazo bado hazijatandikwa, ndipo Yeter aliposema kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwa miaka arobaini na minane, hata mumewe. Hakukaa. Gülizar alimvutia kiti, akakataa kwa kichwa.

"Gülizar, sikukasirikii," alianza. "Ningekukasirikiaje? Nilifanya hivyohivyo mimi."

Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayeelekeza njia. Usiku wa kuamkia siku ya wageni, mama yake aliwaambia mabinti kwamba anataka nyumba ing'ae, wanawake wa posa wasipate la kusema. Yeter, mtoto wa miaka minane, aliamka kabla ya wote. Alitaka kusifiwa. Alifagia ukumbi, akapanga viatu, na alipomaliza kupanga viatu akaona kitambaa cheusi cha chumba cha kulala kimejaa uchafu.

"Nilijua sheria. Sikusahau, nilijua. Nilijiambia leo ni siku ya wageni, kitambaa kichafu ni aibu, mama atafurahi. Nikakipeleka mlangoni, nikakikung'utia nje, nikakirudisha. Nilikinyoosha kona zote nne. Mama alipoamka akakitazama, akasema, alhamdulillahi, leo mwamba umelala vizuri. Halafu akaona viatu. Akanibusu hapa." Alijigusa utosini.

Wageni walikuja mchana. Kahawa ilipikwa. Mito ya kukalia haikutosha, na mama akamtuma Döne chumba cha kulala akalete miwili.

"Aliondoka anaruka kwa mguu mmoja. Alikuwa na tabia hiyo. Ndiyo ya mwisho niliyoiona."

 Maji ya theluji yaliendelea kuchuruzika ukutani. Gülizar alikuwa amejifunika uso kwa aproni.

"Watu walichimba mpaka magharibi," aliendelea. "Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Mama alitoka kuchota maji ya kumwoshea, akaona chini. Chenga zilikuwa pale pale mlangoni, nilipozikung'utia, hata sikuwa nimezipeleka mbali. Alizitazama. Akanitazama mimi. Akachota maji kwa kata, akamwaga kizingitini, akazisukuma kwa mguu mpaka zikaingia mferejini zote. Hakusema neno. Akaingia ndani, na baba alipouliza mbele ya watu wote, Zöhre, kitambaa kilisemaje asubuhi, akajibu: kilikuwa na chenga, niliona, nikaona haya kwa ajili ya wageni."

"Alisema uongo," alinong'ona Nevzat.

"Ndio uongo pekee niliowahi kumsikia nao mama yangu. Baba hakuzungumza naye mwaka mzima. Dada yetu mkubwa aliolewa baadaye kijiji kingine na hakuja kututembelea miaka mitano. Na ninyi mkapata neno lenu."

Nevzat alitazama chini. Kila mtu pale alikuwa amelitumia.

"Jana tu," alisema hatimaye. "Jana nimemwambia mtunza bustani, kuhusu mfereji ule. Nimesema umefanya..." Hakumalizia.

"Nilikusikia," alisema Yeter.

"Mbona hukusema? Miaka yote hii, dada, mbona hukusema?"

"Nilikuwa mtoto, nikaogopa. Nikawa msichana, nikaona haya. Nikawa mama mwenyewe, na hapo ndipo nikaelewa alichofanya, na nikaona nikisema nitakuwa namnyang'anya sadaka aliyoitoa. Ndivyo nilivyojidanganya. Alipokuwa anakufa nilitaka kumwambia, mama, nimeziona chenga, najua uliziona. Akaniwekea kidole mdomoni. Sasa angalieni ninyi, mlikuwa mnakwenda kuwalaza watoto wa watu humo."

Nevzat alisimama, akaingia mapokezi. Kwa dakika chache ilidhaniwa amekwenda kulia peke yake, na labda ndivyo. Aliporudi alikuwa na bisibisi. Alikwenda mlangoni pa chumba cha fungate, akafungua skrubu mbili, akaing'oa ile saba ya shaba na kuitia mfukoni. Kisha akapiga simu kwa wakala na kusema maharusi watalala chumba namba tatu, na kwamba saba hakuna.

"Kimeharibika nini?" sauti iliuliza, kwa nguvu kiasi cha kusikika.

"Hakuna saba," alirudia Nevzat.

Jioni hiyo hodhi la chumba namba tisa lilikaushwa na maji yake kufungwa. Nevzat anasema ataleta mtaalamu mwingine, wa mambo ya miamba na siyo wa majengo, na kwamba safari hii atamtaka alale.

Siku kumi na moja zimepita. Dari la chumba kile bado lipo. Mtunza bustani ameanza tena, kwa woga kidogo mwanzoni, kumuuliza Yeter mwamba umeota ndoto gani. Wapo wanaosema kijijini kwamba mwanamke mmoja na kitambaa wamemkosesha mwenye hoteli mapato ya msimu mzima. Yeter huwasikia, na uso wake haubadiliki.

"Wanadhani nasubiri lianguke ili niwaambie mmeona," anasema. "Mimi naomba Mungu kila swala lisianguke. Lisimame miaka mia. Nizeeke wakinicheka, wajukuu zao wanicheke, waniite bibi wa vumbi. Kuchekwa hakujawahi kumuua mtu. Mama alipata jina la kujua na kunyamaza. Mimi nipate la kutojua na kupiga kelele, nitafurahi."

Kazi yake haijabadilika sana. Bado anaanza na mito, bado Gülizar humpigia kelele kwamba chai inapoa. Tofauti ni kwamba sasa kuna vitambaa kumi na kimoja. Nevzat alinunua jora zima la pamba nyeusi, na Gülizar, ambaye hajui kushona, ndiye aliyeng'ang'ania kuvipinda kingo. Vimepinda hovyo, na Yeter amevitandaza hivyohivyo. Wageni wakiuliza huambiwa ukweli, na hadi sasa ni mmoja tu aliyehama.

Ijumaa ijayo ni siku ya khitma ya Zöhre. Wanawake wa kijiji hukusanyika nyumbani kwa Yeter kila mwaka, husoma, kisha hula halua ya unga ambayo Yeter huikaanga mwenyewe mpaka mkono ufe ganzi. Mwaka huu amepanga kusema kabla halua haijapakuliwa. Kadir ameshaambiwa. Aliuliza tu, pale dirishani, amwamshe saa ngapi siku hiyo.

"Baadhi yao hawatakula," anasema Yeter. "Wasile. Lakini wakitoka hapo, wakilitamka lile neno, watajua wanamtaja nani na wanamtaja kwa kosa la nani."

Asubuhi ya mwisho, akiwa amepiga magoti kwenye chumba kisicho na namba, aliuliza kama habari hii itachapishwa kweli gazetini, na kama itasemwa sawasawa. Akataka asomewe sehemu ya mama yake.

Alisomewa kutoka kwenye daftari: Zöhre Tekmen hakufumba macho. Aliamka, akaangalia kitambaa, kama alivyokiangalia kila siku ya maisha yake. Kilikuwa kisafi, kwa sababu binti yake mmoja alikuwa amekikung'uta.

Yeter alisikiliza huku mikono yake ikinyoosha kitambaa kipya sakafuni, akiiacha kona moja imekunjika makusudi, ili atakayekigusa ajulikane.

"Binti yake mmoja," alirudia. Alitikisa kichwa. "Alikuwa nao saba. Futa hapo. Uandike jina langu."